Bahashishi na Rufaa: Madai ya Askari Waliopata Vilema Vitani katika Bonde la Ufa

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda msomaji akadhani ni la wanasheria na wanahistoria peke yao, yaani namna askari aliyepata kilema vitani alivyoweza, au alivyoshindwa, kupinga uamuzi wa serikali kuhusu malipo yake. Eneo tunalolizungumzia ni Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, pamoja na Kericho iliyo jirani. Nimelichagua kwa kuwa vita vikuu viwili vya karne ya ishirini viliacha humo alama za aina mbili zisizolingana: upande mmoja mashamba waliyogawiwa maafisa na askari wa Kizungu, na upande wa pili maombi ya askari Waafrika waliorudi na kusubiri. Hoja yangu ni moja. Askari Mwafrika hakupunjwa fedha tu; alipunjwa pia jina la fedha hizo. Alichopewa kilihesabiwa kuwa zawadi, na zawadi haikatiwi rufaa.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno bahashishi, ambalo wengine hulitamka bakshishi, asili yake ni Kiajemi, nalo lilitufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Maana yake ni kitu apewacho mtu kwa hisani ya mtoaji. Mpagazi aliyefikisha mzigo salama aliitumaini bahashishi, na mtumishi wa hoteli anaitumaini hadi leo. Lakini hakuna hata mmoja wao awezaye kumshtaki mtu aliyeondoka bila kuitoa. Kiinua mgongo ni neno la Kibantu lenye sura iliyo wazi zaidi: mtu aliyeinama kwa kazi ngumu hupewa kitu cha kumwinua. Humo, angalau, kazi yenyewe inakubaliwa kuwa ilifanyika. Fidia, ambayo katika Kiarabu ilikuwa bei ya kumkomboa mtu, inakwenda mbali zaidi kwa sababu inamtaja, ijapokuwa kimyakimya, mwenye kuwajibika. Na pensheni tumeichukua pamoja na taasisi yake kutoka kwa Waingereza, kama tulivyochukua posta na stampu.

Rufaa imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua. Shauri huinuliwa kutoka kwa mwamuzi wa chini na kupelekwa kwa aliye juu yake. (Wenzetu wa Tanzania wanayo Mahakama ya Rufani, sisi tunayo Mahakama ya Rufaa, mzizi ni mmoja, na ubishi juu ya neno lipi ni bora hauna faida kubwa hapa.) Ili mtu akate rufaa yatakiwa mambo matatu yawepo: uamuzi uliotolewa na sababu zake, mtu mwingine asiyekuwa yule aliyeamua, na kitu kinachogombewa ambacho ni haki ya mdai. Likikosekana la tatu, mawili ya kwanza hayana kazi. Aliyepewa bahashishi ndogo aweza kushukuru, aweza kunung'unika, aweza kuomba tena. Kukata rufaa hawezi.

Tofauti hii ilikuwa na matokeo makubwa katika maisha ya watu, na mwaka wa 1919 unaidhihirisha vizuri. Katika mwaka huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoifanya pensheni ya askari aliyelemaa kuwa haki ya kisheria, na ikaunda mabaraza ya rufaa yaliyosimama nje ya Wizara ya Pensheni. Kila baraza lilikuwa na watu watatu: mwanasheria, daktari, na mtu wa tatu ambaye mwenyewe alikuwa amelemaa vitani, afisa kwa mashauri ya maafisa na askari wa kawaida kwa mashauri ya askari. Huyu wa tatu ndiye anayestahili kuangaliwa. Sheria ilitambua kwamba daktari anakijua kidonda na mwanasheria anazijua kanuni, lakini kuna jambo linalojulikana na aliyekuwa mtaroni peke yake.

Mwaka huo huo wa 1919, huku kwetu, serikali ya ukoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa Kizungu waliopigana. Zaidi ya ekari milioni mbili zilitengwa, na mashamba mengine yakagawanywa kwa kura iliyopigwa Nairobi. Huko Kericho zilitengwa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliopata vilema vitani. Hawa waliunda ushirika wao, wakaunganisha mitaji yao, wakapanda kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mara tu baada ya vita, ushirika ukafilisika, na katika miaka ya 1920 ardhi ile ikaishia mikononi mwa makampuni makubwa ya chai. Sisemi maafisa wale hawakuwa watu wa kuhurumiwa. Mtu aliyepoteza mkono huko Flanders amepoteza mkono. Ninachosema ni kwamba afisa huyo alikuwa na vitu viwili kwa pamoja: pensheni ambayo angeweza kuikatia rufaa London, na ardhi ambayo mwenyewe wa kwanza hakuwa na mahali pa kukata rufaa dhidi ya kuipoteza. Wakipsigis na Watalai walipata masikio ya kimataifa miaka mia moja baadaye: mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliyataja madai yao, na mwezi wa Agosti 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg.

Wapagazi wa vita hivyo vya kwanza wanajulikana zaidi kwa jina la mahali kuliko kwa majina yao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Walioitwa kubeba mizigo kutoka Kenya walikuwa zaidi ya laki moja na nusu, na hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki inazidi 40,000, wengi wao kwa maradhi. Msimamizi wao, Oscar Watkins, ambaye alikuwa mjuzi wa Kiswahili, alipigania mishahara yao kwa muda mrefu baada ya vita kwisha. Mishahara mingi ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, na sababu iliyotolewa mara kwa mara ni kuwa wenyewe hawakutambulikana: jina liliandikwa na karani asiyeijua lugha ya mwandikwa, au mtu alitoa jina la kijiji, au la baba, au la utani. Hapa mwanaisimu anapaswa kusimama kidogo. Kosa la tahajia, ambalo darasani twalisahihisha kwa kalamu nyekundu, liligeuka kuwa sababu ya mjane kukosa mali ya mumewe. Na dawa iliyoletwa ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita, na alama za vidole zikachukua nafasi ya jina. Chombo ambacho kingaliweza kumsaidia mtu kudai malipo yake kikatumiwa kumzuia asiondoke shambani kwa mwajiri.

Sanamu ya askari na mpagazi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 1928, ambayo sasa imesimama katika Barabara ya Kenyatta, ina maandishi kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwa mojawapo, yanayowaahidi waliokufa kwamba majina yao yatakumbukwa na watoto wao. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hesabu ikafika 350,000.

Vita vya pili vilichukua Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya. Wengi wao waliijua Nakuru au Gilgil kama kambi kabla ya kuijua Uhabeshi, Madagaska au Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw, Burma, wakati wa masika, katika matope na malaria. Kwa madai ya baadaye jambo hili lina uzito, kwa kuwa risasi huacha kovu ambalo daktari yeyote ataliona, lakini homa inayorudi kila mwaka, kifua kilichoharibika au sikio lililozibwa na mizinga havina kovu. Anayedai kwa vitu hivyo hana budi kuonyesha kwamba vilianzia vitani. Uingereza iliuona ugumu huo. Mwaka 1943 Bunge lake lilitunga sheria mpya ya mabaraza ya rufaa ya pensheni, na mwaka huo huo kanuni zikabadilishwa hata mzigo wa ushahidi ukaondolewa mabegani mwa mdai: Wizara ndiyo iliyotakiwa kuonyesha kwamba maradhi hayakutokana na utumishi. Mabaraza hayo hayakuundwa kwa ajili ya askari wa King's African Rifles. Mambo yake yalitawaliwa na sheria za koloni, na mlango aliouzoea ulikuwa ule wa ofisi ya Bwana DC.

Kuhusu bahashishi ya vita, tofauti ilikuwa ya rangi waziwazi. Hati zilizofichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba Mzungu mwenye cheo cha chini kabisa alipewa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumika, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Kama malipo hayo yangekuwa ujira, mtu angeuliza kwa nini kazi moja ina bei mbili. Kwa kuwa yalikuwa bahashishi, mtoaji hakuona haja ya kujibu.

Sasa tuitazame lugha ambayo askari alikuwa nayo mkononi. Mutonya na Parsons, katika makala yao ya mwaka 2004, wameieleza lahaja ya jeshini iliyojulikana kama KiKAR: Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wa ngeli, kilichojengwa juu ya amri na jibu la amri. Kilitosha kabisa kuamuru kikosi kigeuke kulia. Nisieleweke kwamba askari hakuwa na lugha nyingine. Alikuwa nayo ya mama yake, na wengine walisoma Kiswahili sanifu katika Baraza, gazeti lililoanzishwa mwaka 1939, na katika magazeti ya jeshi kama Askari na Heshima. Lakini lugha aliyozungumza na wakubwa wake kwa miaka mitano ilikuwa lugha isiyo na nafasi ya kusema “sikubaliani na uamuzi huu, na sababu zangu ni hizi.”

Alipofika kwa DC alitumia mtindo mwingine, ule wa barua ya kuomba, ambao kila mwalimu wa zamani aliufundisha: salamu nyingi, heshima na taadhima, kisha shida, kisha maombi, kisha mtumishi wako mtiifu. Ni mtindo wenye adabu na historia yake ndefu, nami sitaki kuudharau. Hata hivyo unamfanyia mwandishi jambo ambalo pengine hakulitambua, na sarufi inatusaidia kuliona. Neno kilema lina matumizi mawili. Likiwa na maana ya dosari ya mwili, huchukua upatanisho wa ki-vi: kilema hiki kilitokana na bomu. Likiwa na maana ya mtu, huchukua upatanisho wa viumbe hai: kilema huyu ana watoto sita. Bodi ya madaktari inauliza habari za kilema hiki: ni kipi, kina ukubwa gani, kilitoka wapi. Barua ya kuomba inaeleza habari za kilema huyu: ni maskini, hana msaidizi, amuombea Bwana Mkubwa baraka. Ya kwanza ni ushahidi, ya pili ni kuomba huruma. Mtu anayetegemea hisani huvutwa kutoka katika sentensi ya kwanza kuingia katika ya pili, kwani huruma haimwangukii hiki, humwangukia huyu. Kwa hiyo barua inaweza kuwa ndefu na ya kweli tupu, na isiwe na hata neno moja ambalo bodi ingeweza kulipima. (Neno ulemavu, ambalo lilipata nguvu kutokana na Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, 1981, limeutenganisha mwili na mwenye mwili kwa kiambishi u-. Wapo wanaoliona ni neno la kiofisi mno. Katika jambo hili moja, ofisi ilifanya vyema.)

Katika Nakuru jambo hili halikuwa la barua tu. Wengi wa Waafrika wa huko, hasa Wakikuyu, walikuwa maskwota katika mashamba ya walowezi. Sheria ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika 1940, iliwapa wilaya za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo, na baada ya vita skwota aliweza kudaiwa siku 240 au zaidi kwa mwaka. Haki yake ya kukaa shambani ilitokana na siku hizo. Mtu aliyerudi na mguu mmoja hangeweza kuzitimiza, na kwa hiyo kilema chake hakikumpunguzia pato tu, kilimwondolea na mahali pa kulala. Wakati huo huo mpango wa pili wa kuwaleta wanajeshi wa Kizungu kuwa walowezi ulikuwa ukitekelezwa. Huko Olenguruone, wilaya hiyo hiyo ya Nakuru, maskwota waliowekwa tangu 1941 walipinga masharti ya kukaa kwao kwa barua, kwa wajumbe na kwa kiapo, mpaka walipofukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Atakaye kujua kwa nini baadhi ya askari wa zamani waliiacha kalamu, na Waruhiu Itote aliyepigana Burma akaingia msituni, asiisahau miaka hiyo ya kusubiri majibu.

Uhuru haukuleta mara moja lugha mpya ya madai jeshini. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, wiki sita baada ya bendera kupandishwa, askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na mji wa Nakuru, na mishahara na maafisa wa Kiingereza yalikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Majeshi ya Uingereza ndiyo yaliyouzima uasi huo. Chombo cha askari kulalamikia malipo bila kuonekana mwasi kilikuwa dhaifu kama zamani.

Mfano mmoja wa karibuni waonyesha nini hutokea kilema kinapopata mahakama. Wazee wa Mau Mau hawakuwa askari wa serikali, na walichodai si pensheni. Lakini swali la ushahidi lilikuwa lile lile, alama za mwilini zilizopatikana miaka zaidi ya 50 nyuma. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba shauri lao lina msingi wa kusikizwa, na mwaka 2012 ikaikataa hoja kuwa muda umepita. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228. Ilieleza masikitiko yake. Papo hapo ikasema kwamba haikubali kuwajibika kisheria. Hapa mtafsiri ana kazi: je, fedha zilizotolewa na asiyekubali kuwajibika ziitwe fidia? Magazeti yetu yaliziita hivyo, na wazee waliziita hivyo, nami naona walikuwa na haki, kwa kuwa zilipatikana mbele ya jaji. Wadai wengine wapatao 40,000 waliofuata baadaye walishindwa mwaka 2018, na kupita kwa muda kulikuwa sababu kubwa.

Mwaka huo huo wa 2018 Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 za kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola walio maskini kupata milo miwili kwa siku. Mzee wa miaka 95 hawezi kulaumiwa kwa kuipokea. Lakini chakula hicho kilitoka katika fungu la misaada, yaani kimerudi katika kundi la bahashishi, na aliyeachwa nje ya orodha alikuwa na njia moja tu, ya kuomba aingizwe.

Kwa askari wa jeshi la Kenya yenyewe sheria imesogea. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi mtu yeyote ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, au inaelekea kuathiriwa, na Sheria ya mwaka 2015 iliyotokana nacho imefungua njia ya kuutaka uamuzi huo upitiwe upya. Mwaka 2022 ikapatikana pia sheria inayohusu wanajeshi wa zamani. Sababu kwa maandishi ndiyo kitu cha kwanza ambacho yule wa 1946 hakuwa nacho. Bila sababu, mtu hana pa kushika.

Lililobaki ni la idara kama zetu. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba hiyo hiyo, lakini barua za serikali kuhusu malipo bado huandikwa kwa Kiingereza kwa wingi, katika Kiingereza cha wanasheria. Askari mstaafu wa Molo au Njoro anayeipokea humpelekea mwalimu wa shule ya karibu, au mjukuu aliyefika kidato cha nne, amwambie kama humo amekataliwa, amecheleweshwa, au ameambiwa alete cheti kingine cha daktari. Msomaji huyo hujitahidi, na mara nyingi hukosea katika neno lile lile lenye uzito. Na siku za kukata rufaa kwa kawaida huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu siku mwenyewe alipouelewa.